Kabla ya Kuuliza Joka Linawakilisha Nini

“Shangazi, hili joka linawakilisha nini?”

Binti wa kaka yangu alikuwa amekaa mkekani barazani, hapa Ilazo, daftari mapajani na kalamu mkononi. Ilikuwa likizo ya Desemba, zile siku ambazo Dodoma nzima inatazama juu: mawingu yanajikusanya tangu saa nane mchana, upepo unainuka na vumbi lake, na ikifika magharibi mbingu imeshakuwa nyeupe tena. Nilikuwa nimemwazima riwaya ya fantasia, A Wizard of Earthsea ya Ursula K. Le Guin. Yuko kidato cha tano, mchepuo wa HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza), Kiingereza hakimpi shida. Kitabu alikimaliza haraka, ila alikuwa amepiga mstari wa rula katikati ya kila ukurasa wa daftari. Kushoto tukio, kulia ujumbe. Kivuli kinachomwinda Ged: “nafsi ya mtu”. Bahari: “safari ya maisha”. Shule ya wachawi kisiwani Roke: “umuhimu wa elimu”.

Mbele ya joka la Pendor, safu ya kulia ilikuwa tupu.

Nikamjibu, “Linawakilisha joka.”

Akanitazama vile mtoto anavyomtazama mtu mzima anayekwepa swali. Akaandika “tamaa ya mali”, akafunga daftari, akaenda kuchochea jiko.

Tangu siku ile mvua imeanza, imekata, imerudi, mahindi ya jirani yamebeba, na mimi bado nabishana na lile daftari.

Safu ya kulia

Wanaolijua tukio lile watanielewa. Ged ni mchawi kijana aliyewekwa kuwalinda wavuvi wa Low Torning. Anapanda mashua peke yake kwenda Pendor kulikabili joka kongwe kabla halijawafikia wavuvi. Wakati huohuo kuna kivuli kinamwinda, na hajui namna ya kukishinda. Joka linamwambia: naweza kukupa jina la kitu kinachokufuata. Katika dunia ile, ukilijua jina la kweli la kitu umekitawala, kwa hiyo joka linamtolea Ged uhai wake mwenyewe. Ged naye amelikisia jina la joka, Yevaud, na jina hilo linampa nafasi ya kudai jambo. Anadai joka lisiruke kamwe kwenda mashariki, waliko wavuvi. Anageuza mashua, bado anawindwa.

Sasa weka “tamaa ya mali” mahali pa joka. Ged anafanya mapatano na tamaa ya mali, tamaa ya mali inaapa kwa jina lake, wavuvi wanalala salama. Hakuna aliyepoteza chochote! Uzito wote wa tukio unatokana na kwamba kiumbe kile ni kikubwa, kizee, kina akili na moto, kimekaa juu ya magofu, na kingeweza kummaliza kijana yule papo hapo.

Ujumbe upo, wala sibishi. Ninachobisha ni haraka yetu ya kuukimbilia.

Na haraka hiyo tumefundishwa. Fani, maudhui, dhamira, migogoro, falsafa ya mwandishi; kisha swali la mtihani linataka hoja kutoka riwaya mbili, kila hoja na mfano wake. Mwalimu ana darasa limejaa na mtihani wa taifa unamsubiri mlangoni, simlaumu hata kidogo. Lakini ukimfundisha mtoto kwa miaka sita kwamba kila kilichoandikwa kinasimama badala ya kitu kingine, atakaposhika riwaya ya mazimwi atasoma kama karani anayejaza fomu.

J.R.R. Tolkien alilisemea jambo hili katika dibaji ya toleo la pili la The Lord of the Rings, miaka ya 1960, baada ya watu kudai kwamba vita vya riwaya yake ni Vita vya Pili vya Dunia kwa sura nyingine. Alikataa. Alisema hapendi mafumbo ya namna hiyo. Msomaji ana uhuru wa kuifananisha hadithi na maisha anayoyajua, lakini mwandishi asimshurutishe. Mimi naongeza: wala mtaala usimshurutishe.

Mimi nauliza maji

Kama si ujumbe, basi msomaji aanzie wapi? Mimi nimezaliwa Mvumi, na mtu wa Ugogo, nchi ya Wagogo hapa Dodoma, akifika ugenini hutaka kwanza kujua maji yanachotwa wapi. Ndivyo ninavyoingia kwenye riwaya. Huu mji wa kubuni una ngome ya mawe na watu maelfu: wanakunywa nini? Februari, ghala limekauka na mapya hayajakomaa, wanakula nini? Riwaya nyingi za fantasia, hata zile zinazosifiwa sana, haziwezi kujibu. Majeshi yanatembea majuma mazima bila gunia la nafaka. Farasi hawali wala hawachoki.

Ugogo unajua jeshi lenye njaa hufanya nini. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza Wajerumani, kisha Waingereza, walichukua nafaka, wakachukua ng’ombe, wakachukua wanaume wa kubeba mizigo. Halafu mvua ikakatika. Njaa ile ya Mtunya, kati ya 1917 na 1920, iliua watu kwa maelfu. Nilipokuwa mdogo wazee bado walihesabu umri wa mtu kwa kuutaja Mtunya. Kwa hiyo nikikuta mfalme wa kubuni anavusha askari elfu kumi kwenye nchi kavu na hakuna kijiji hata kimoja kilichonyang’anywa mtama, najua mwandishi hajaifikiria vita yake. Anifanyie majoka mazuri kiasi gani, simwamini tena.

Frank Herbert aliifikiria. Katika Dune, riwaya ya mwaka 1965 kuhusu sayari ya jangwa, kuna mahali ambapo kiongozi wa watu wa jangwani anatema mate mezani mbele ya mtawala mgeni. Watu wa mtawala wanachukia, wako tayari kumvamia. Mmoja wao, aliyekwisha kuishi na watu wale, anawahi kumshukuru kiongozi huyo wa jangwani kwa zawadi ya unyevu wa mwili wake, kisha naye anatema. Ni mistari michache tu, na sayari nzima umeshaielewa. Nililisoma tukio hilo Oktoba, mwezi ambao bei ya dumu la lita 20 mtaani kwetu huwa gumzo la kila asubuhi, na nilishusha kitabu nikakaa kimya.

Kwenye kitabu hichohicho lipo jambo linaloniudhi. Watu wale wanaojua kila tone la maji yao wanakuja kuongozwa na mtoto wa mtawala mgeni, na hata mpango wa kuirudishia nchi yao majani waliletewa na mwanasayansi kutoka sayari nyingine. Najua Herbert alitaka tumwogope kiongozi huyo, na kitabu cha pili cha mwaka 1969 kinalionyesha hilo wazi. Bado nauliza kwa nini wao wenyewe, wenye ujuzi wote ule, hawakupewa hata mtaalamu mmoja wa kwao kuanzisha jambo.

Nnedi Okorafor amelitendea jangwa haki zaidi. Katika Who Fears Death, ya mwaka 2010, Onyesonwu na wenzake wanavuka jangwa la Sudani ya baadaye wakiwa na kifaa cha kunasa maji kutoka hewani. Wanakibeba, wanakifungua, wanakunywa, wanaendelea. Onyesonwu ni mchawi, anaweza kugeuka tai mzoga. Nilipofika mahali anaporuka sikushangaa hata kidogo, maana nilishamwona akinywa maji.

Na Le Guin mwenyewe, kabla joka halijatokea, alikuwa ameshanikamata kwa sentensi moja. Mwalimu mmoja wa Roke anawaonya wanafunzi kwamba mvua ukiileta Roke huenda ikawa ukame kisiwani Osskil. Mwandishi alikulia California, lakini onyo lile lingeeleweka kwenye baraza lolote la Ugogo wa zamani, ambako mtemi alibeba dhamana ya mvua ya nchi yake, na nchi ya jirani ilikuwa na mtemi wake, na mawingu ni yaleyale.

Kusadikika haina mto

Nilijiona nimepata kipimo. Kisha nikamtoa Shaaban Robert kwenye rafu.

Kusadikika, ya mwaka 1951, ni nchi inayoning’inia angani. Haina kisima ninachokikumbuka wala shamba nililoonyeshwa. Kwa kipimo changu ingeanguka ukurasa wa kwanza. Haianguki. Nimeirudia mara nyingi na kila mara nakaa kwenye baraza lile nikimsikiliza Karama, mshtakiwa, akijibu mashtaka ya Waziri Majivuno kwa kusimulia habari za wajumbe waliotumwa pande zote, hadi mbinguni na ardhini, ambao kila mmoja alirudi na jambo la kuifaa nchi na kila mmoja akaishia gerezani. Nchi ile ina kanuni moja na haivunjwi kwa ajili ya mtu yeyote: aletaye mema hufungwa. Unaisubiri ije, inakuja, na ukijua itakuja bado inauma.

Nikaanza kuona kwamba maji yalikuwa upande mmoja tu wa jambo. Dunia ya kubuni inataka kitu kisichobembelezeka. Kwa Herbert ni unyevu, kwa Le Guin ni jina, kwa Shaaban Robert ni baraza.

Hapo pia ndipo niliposita kuhusu mafumbo. Shaaban Robert aliandika chini ya Waingereza. Hakuweza kumtaja gavana kwa jina. Katama Mkangi wa Kenya, aliyetoa riwaya ya Walenisi mwaka 1995, alikuwa amewekwa kizuizini bila kesi miaka ya 1980. Watu hawa walipoipeleka nchi yao angani au kwenye sayari nyingine, walikuwa wanatafuta mahali pa kusemea. Mimi nakaa barazani na chai yangu, nani kanipa mamlaka ya kuwaambia mafumbo yamezidi?

Nimelizungusha hilo kwa muda mrefu, na nilipofika ni hapa. Fumbo lililoandikwa kwa hatari linastahili heshima, na heshima kubwa kuliko zote ni kulisoma kama hadithi kwanza. Sehemu ya mwanzo ya Walenisi, Dzombo akihukumiwa na kufungiwa katika chombo ambacho hakuna aliyewahi kurudi nacho, inanikaba koo. Akishatua, wenyeji wanaanza kumweleza mfumo wao wa maisha, na wanaeleza, na wanaeleza. Sayari nzima hakuna mwenye kiu. Hapo Mkangi ameniacha, ingawa karibu kila analolisema nakubaliana nalo.

Linganisha na Adili na Nduguze, ambayo Shaaban Robert aliitoa mwaka 1952. Adili ni liwali, mtu mwema asiye na doa. Kila usiku anaamka, anashika mjeledi, anawachapa nyani wawili anaoishi nao. Nyani hao ni ndugu zake wa damu, waliogeuzwa na jini Huria kwa ubaya waliomtendea. Huria ameamuru wachapwe kila usiku. Adili akiacha, adhabu itamrudia yeye. Majina ya ndugu hao ni Hasidi na Mwivu. Ujumbe umeandikwa kwenye vipaji vya nyuso zao, hata mtoto wa darasa la tano angejaza safu ya kulia bila msaada.

Na bado ukifika usiku ule, mkono wa Adili ni mzito. Anawapenda. Anawachapa kwa sababu anawapenda na kwa sababu anaogopa, na asubuhi ataenda kazini kuamua kesi za watu. Hakuna safu ya daftari inayobeba hilo. Ningekuwa mwalimu, ningewaambia wanafunzi wafunge madaftari, niwaulize jambo moja tu: mchana, Adili anawatazamaje wale nyani?

Rafiki yangu aliponipinga

Nina rafiki anayefanya kazi za ustawi wa jamii. Nilimweleza haya yote tukiwa tunasubiri nyama choma, kwa furaha, nikimwambia nataka riwaya ambayo uchawi ni uchawi tu, haumaanishi kitu kingine. Akaweka soda chini.

“Hapa? Unataka uchawi uwe uchawi, hapa?”

Hakuhitaji kuendelea. Tunajua vikongwe waliouawa kwa sababu macho yao ni mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa kuni wa miaka yote ya kupika. Tunajua watoto wenye ualbino walivyowindwa mwishoni mwa miaka ya 2000. Katika nchi ambayo ajabu inaweza kumfikisha bibi wa watu kaburini, pengine shule inafanya vyema kulifunga kila zimwi kamba ya ujumbe, lisije likatembea.

Nililala na swali hilo. Niliamka nalo. Kwa siku kadhaa sikutaka hata kugusa riwaya.

Jibu nililipata Mvumi, kwa mama, alipokuwa na wajukuu jioni. Wote mnajua inavyoanza. “Hadithi, hadithi!” Nao wakapokea kwa kelele, “Hadithi njoo! Uongo njoo, utamu kolea!” Mama akaanza na fisi aliyejigeuza kijana akaja kuposa. Hakufika mbali.

“Bibi, huyo fisi akipewa ugali anakula?”

“Anakula, ila mlenda unamshinda.”

“Sasa si watamjua?”

“Anajifanya anaumwa tumbo. Usiku anatoka nyuma ya tembe kutafuta mifupa.”

“Mbwa hawabweki?”

Mama alitulia akafikiri, akifikiri kweli, kisha akasema mbwa wa nyumba ile walikuwa wametoweka mmoja mmoja tangu siku ya posa. Watoto wakaguna. Nilitamani waandishi kumi ninaowajua kwa majina yao wangekuwa pale wakasikia.

Kwenye mkeka ule hakuna aliyeuliza fisi anawakilisha nini, na hakuna aliyeamka asubuhi akamshuku bwana harusi wa jirani. Walikuwa wameuita uongo kwa sauti zao wenyewe kabla haujaingia. Fununu inayomuua kikongwe haiji hivyo. Haisemi hadithi njoo. Inakuja kama taarifa, inanong’onwa kisimani, inataja jina na nyumba. Naamini mtoto aliyezoea kuubana uongo mtamu kwa maswali, anakula nini, mbwa wako wapi, ana silaha mkononi siku fununu itakapomfikia. Mtoto aliyefundishwa kuuliza maana tu, fununu nayo ataitafutia maana.

Nilimpelekea rafiki yangu hoja hii. Amesema anaifikiria. Anawaona wahanga kwa macho yake kazini, nami sitegemei akubali upesi.

Kolo

Mwezi uliopita tulipata nafasi kwenye gari la kikundi kwenda Kolo kutazama michoro ya kale ya miambani, ile njia ya Kondoa na Babati. Binti alikuja. Michoro ile UNESCO iliiingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2006, na wengi wetu wa Dodoma tunaipita tukiwahi Arusha. Unapanda mlima kwa miguu, jua linakuchoma kisogo, kisha unainama chini ya mwamba na watu wembamba wekundu wanakutazama: miili mirefu kupita kiasi, vichwa vya ajabu, pengine nywele, pengine vinyago. Kundi moja ninalolipenda linamwonyesha mtu katikati ameshikwa mikono na wengine, huku na huku. Mary Leakey, aliyeinakili michoro ya huku mwaka 1951 na kuitolea kitabu mwaka 1983, aliona mwanamke anayetekwa. Wengine baadaye wameona ngoma ya uganga, mtu aliyepandisha akishikiliwa asianguke. Mwamba haujasema chochote, na yapo mapango ya huko ambayo wenyeji bado wanayaendea kwa matambiko yao.

Nilimtazama binti, nikisubiri lile swali.

Akamgeukia mwongozaji. “Rangi walitengeneza na nini hata haijafutika?”

Wakaanza kuzungumza habari za mawe mekundu ya kusaga, na mvua, na upande ambao mwamba umeinamia. Niliwaacha waendelee.

Riwaya ninayoisubiri

Vitabu vingi nilivyovitaja vya kigeni nimevisoma kwa Kiingereza. Mama hawezi kuvisoma, na yeye ndiye angewauliza waandishi hao maswali magumu kuliko mimi. Ninachokitaka ni kirefu, kwa Kiswahili, na kitoke huku.

Kuwe na tembe, paa lake la udongo ambalo mtu anaweza kuanika mtama juu yake na adui anaweza kutembea juu yake usiku. Kuwe na mibuyu, lakini mtu apasue tunda ale, isisimame tu kupamba jalada. Wizara ziwe Mtumba, treni ya umeme ipite, na watemi wawe bado wanashika mawe ya mvua, kwa leseni, kwa hati, wakikaguliwa. Sitaki kuelezwa mawe hayo yanamaanisha nini. Nataka kujua yanatunzwa wapi, nani anarithi, na yakipasuka inakuwaje.

Halafu mwaka mmoja mtemi wa Bahi analeta mvua ya kutosha, mpunga unajaa maji hadi magotini, malori yanapanga foleni. Na Mpwapwa hakudondoki tone. Watu wa Mpwapwa wanajua kwa nini. Wanauza ng’ombe, wanachanga, wanapanda basi kuja mjini kushtaki, na hakuna mwanasheria anayetaka kuishika kesi hiyo, kwa sababu kila mwanasheria ana shamba mahali fulani na anahitaji mvua ya mtu fulani.

Nani atasimama kuwatetea? Mwandishi wa riwaya hiyo, kama upo, anzia hapo. Mimi nitainunua.